Thamostati ya hita ya maji

Thamostati ya hita ya maji ni kifaa kinachofuatilia joto la maji ndani ya tangi la hita au boila, na kuwasha au kuzima chanzo cha joto ili maji yabaki karibu na kiwango kilichochaguliwa. Neno "thamostati" lina asili ya Kigiriki: *thermos* ni "-enye joto" na *statos* ni "-liosimama".

Katika nchi za baridi, kama Uingereza, Kanada na sehemu kubwa ya Marekani, thamostati hujulikana hasa kama kisanduku cha ukutani kinachoongoza boila au tanuri la kupasha joto nyumba nzima. Katika Afrika Mashariki nyumba hazihitaji mfumo huo. Huku thamostati ya nyumbani hupatikana zaidi ndani ya hita ya umeme ya maji ya kuogea, jokofu, pasi, birika la umeme na mashine ya kutotolea vifaranga.

Thamostati ni sehemu ndogo na ya bei nafuu, lakini ikiharibika au ikiunganishwa vibaya inaweza kusababisha kuungua kwa maji ya moto, kupigwa na umeme, moto wa nyumba au kupasuka kwa tangi.

Historia

Mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza kifaa kinachojirekebisha joto alikuwa Mholanzi Cornelis Drebbel (1572–1633), aliyefanya kazi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17. Alitumia zebaki iliyopanda na kushuka kulingana na joto ili kufungua na kufunga njia ya hewa ya tanuri. Tanuri moja la aina hiyo lilikusudiwa kutotolea mayai.

Katika karne ya 18, mtengenezaji wa saa Mwingereza John Harrison alitumia utepe wa metali mbili zilizoshikamana ili saa zake zisiharibiwe na mabadiliko ya joto. Mwaka 1830 mkemia Mskoti Andrew Ure alipata hataza ya thamostati iliyotumia utepe wa aina hiyo.

Thamostati ya umeme ya chumbani ilipewa hataza Marekani mwaka 1883. Aliyeibuni ni Warren Johnson, mwalimu wa jimbo la Wisconsin. Kabla ya hapo mtunzaji wa jengo alilazimika kuingia kila darasa kuuliza kama kuna baridi, kisha kwenda kurekebisha tanuri. Miaka miwili baadaye Albert Butz, aliyeishi Minneapolis, alitengeneza kifaa kilichofungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuri chenyewe. Kampuni iliyotokana na kazi yake baadaye ilijulikana kama Honeywell. Mwaka 1953 kampuni hiyo ilianza kuuza thamostati ya mviringo iliyochorwa na mbunifu Henry Dreyfuss.

Thamostati janja, yaani zenye kompyuta ndogo ndani na zinazounganishwa na intaneti, zilienea baada ya mwaka 2011, kampuni ya Nest ilipotoa thamostati inayojifunza mazoea ya wakazi wa nyumba.

Jinsi inavyofanya kazi

Thamostati yoyote ina sehemu tatu: kihisi kinachobadilika kutokana na joto, swichi inayobadilishwa na kihisi hicho, na kirungu au kitufe cha kuchagua kiwango cha joto.

*Utepe wa metali mbili.* Metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, kwa mfano shaba nyeupe na chuma, hushikamanishwa. Joto likipanda, metali moja hurefuka kuliko nyingine, utepe hupinda na kuachanisha viungo vya swichi. Ukipoa hurudi mahali pake na umeme hupita tena.

*Fimbo.* Hita nyingi za tangi hutumia bomba jembamba la shaba lenye fimbo ndani yake. Bomba hutanuka kuliko fimbo, na tofauti hiyo ya urefu husukuma swichi iliyo kichwani.

*Bomba la kimiminiko.* Kitonge kidogo chenye kimiminiko huwekwa ndani ya tangi. Kimiminiko kikipata joto hutanuka, hupita katika bomba jembamba kama uzi na kusukuma kiwambo cha swichi.

*Kihisi cha kielektroniki.* Hapa kipande cha kipitishi nusu hubadilisha ukinzani wake joto linapobadilika. Kompyuta ndogo husoma badiliko hilo na kuamuru rilei iwashe au izime umeme.

Thamostati haiwashi na kuzima kwenye joto moja tu. Ikiwekwa 60 °C, inaweza kuzima kwenye 60 °C na kuwasha tena maji yakipoa kwa nyuzi kadhaa. Bila pengo hilo swichi ingewaka na kuzima mfululizo na viungo vyake vingeungua mapema.

Kikata joto

Ndani ya hita ya tangi kuna vizuizi viwili vya joto ambavyo watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni thamostati ya kawaida, ambayo mtumiaji huirekebisha, mara nyingi kati ya 30 °C na 75 °C. Cha pili ni kikata joto, ambacho hakirekebishwi. Kikata joto husubiri bila kufanya lolote mpaka maji yafikie joto la hatari, kwa kawaida kati ya 80 °C na 95 °C, kisha hukata umeme wote. Hakijirudishi chenyewe: lazima mtu azime umeme, asubiri maji yapoe, afungue kifuniko na kubonyeza kitufe.

Kikata joto kikikata, huwa kuna sababu. Mara nyingi viungo vya thamostati ya kawaida vimeyeyuka na kushikana, hivyo umeme hauzimiki. Kubonyeza kitufe kila baada ya siku chache bila kutafuta chanzo ni kuondoa kinga ya mwisho iliyo upande wa umeme.

Hita za maji mkoani Singida: mfano wa Itigi

Itigi ni mji mdogo wa Mkoa wa Singida ulio kwenye Reli ya Kati, magharibi mwa Manyoni, katika uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania. Unajulikana kwa vichaka vizito vinavyobeba jina lake na kwa Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya Wamisionari wa Damu Azizi. Usiku wa miezi ya Juni na Julai huwa na baridi, na hapo ndipo maji ya moto ya kuoga hutafutwa zaidi. Kama kwingineko nchini, kaya nyingi huchemsha maji kwa kuni au mkaa. Hita za umeme na za jua hupatikana zaidi katika nyumba za wageni, hospitali, nyumba za watawa na nyumba za kisasa.

Mambo matatu ya mahali huathiri hita na thamostati yake.

*Kimo.* Itigi iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, hivyo katika sufuria iliyo wazi maji huchemka karibu 96 °C badala ya 100 °C. Ndani ya tangi lililofungwa, kanieneo ya bomba huinua kiwango hicho cha kuchemka, na hapo ndipo hatari inapojificha: maji yaliyopita 100 °C bila kuchemka hugeuka mvuke ghafla tangi likipasuka, na mvuke huchukua nafasi kubwa mara zaidi ya 1,500 kuliko maji.

*Maji yenye madini.* Maji ya visima vya Tanzania ya kati mara nyingi huwa na chumvi na madini mengi. Yakipata joto huacha tabaka gumu jeupe, kama lile linaloonekana ndani ya birika. Tabaka hilo likifunika koili, joto hushindwa kutoka na koili huungua. Likifunika mfuko wa kihisi, thamostati huchelewa kujua joto halisi la maji.

*Umeme usiotulia.* Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Unapokatika na kurudi, volti inaweza kupanda ghafla. Thamostati ya fimbo huvumilia hali hiyo kuliko ya kielektroniki. Kwa sababu hiyo, katika maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara, thamostati ya kawaida ya fimbo huweza kudumu kuliko thamostati janja isiyo na kinga ya volti.

Kiasi cha umeme kinachotumika

Ili kupandisha joto la lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huhitajika takriban kilojuli 4.2. Tangi la lita 50 likipashwa kutoka 20 °C hadi 60 °C huhitaji takriban yuniti 2.3 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea. Koili ya wati 1,500 itachukua kama saa moja na nusu. Thamostati ikipandishwa hadi 75 °C, maji hayohayo yatahitaji takriban yuniti 3.2.

Kwa mtumiaji wa mita ya LUKU tofauti hiyo huonekana haraka. Tangi lenye maji ya 75 °C pia hupoteza joto haraka zaidi hata kama hakuna anayeoga, na thamostati hulazimika kuwasha koili mara kwa mara ili kulifidia.

Kiwango kinachofaa

Kuchagua kiwango cha joto ni kupatanisha hatari mbili. Maji yakikaa muda mrefu kati ya 20 °C na 45 °C, bakteria wa Legionella huweza kuzaliana ndani ya tangi na kusababisha nimonia kali kwa mtu atakayevuta matone ya bomba la mvua. Kwenye 60 °C bakteria hao hufa kwa dakika chache. Kwa upande mwingine, maji ya 60 °C yanaweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na ya mtoto mdogo kwa muda mfupi zaidi.

Kwa hiyo tangi hushauriwa kuwekwa karibu 60 °C, kisha maji yachanganywe na ya baridi kabla hayajafika mwilini, ama kwa koki mbili, ama kwa vali ya kuchanganya. Anayeogesha mtoto kwa beseni hutangulia kumimina maji ya baridi, ndipo aongeze ya moto.

Uunganishaji wa nyaya

Hita ya tangi huhitaji nyaya tatu kutoka ubao wa umeme:

* waya wa moto (laivu), wa rangi ya kahawia, au nyekundu katika nyumba za zamani;
* waya wa nyutro, wa bluu, au mweusi katika nyumba za zamani;
* waya wa ardhi (ethi), wa kijani chenye mistari ya njano, au wa kijani tupu.

Rangi peke yake si ushahidi, kwa kuwa fundi aliyetangulia huenda alitumia waya aliokuwa nao. Kila waya hupimwa kwa multimita.

Waya wa moto huingia kwenye kikata joto na thamostati, hutoka na kwenda upande mmoja wa koili. Upande wa pili wa koili hurudi kwenye nyutro. Katika hita nyingi kikata joto hukata moto na nyutro kwa pamoja, hivyo nyaya zote mbili hupita ndani yake. Waya wa ardhi haupiti kwenye swichi yoyote: hufungwa moja kwa moja kwenye bolti ya tangi. Koili ikipasuka na umeme ukaingia kwenye maji, waya huu ndio unaowezesha umeme kukatwa kabla ya mtu kuguswa nao.

Kwa volti 230, koili ya wati 1,500 hutumia takriban ampea 6.5, ya wati 2,000 ampea 8.7, na ya wati 3,000 ampea 13. Kwa hiyo hita hupewa njia yake yenyewe kutoka kwenye ubao, kwa waya wa milimita za mraba 2.5, saketi breka ya ampea 16 na swichi ya ncha mbili. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 na swichi ya kawaida ya taa havifai. Kinga muhimu zaidi bafuni ni kifaa kinachokata umeme pale unapovuja kwa miliampea 30.

Kubadilisha thamostati iliyoharibika

Dalili za kuharibika ni maji kubaki baridi ingawa umeme upo, maji kuwa ya moto kupita kiasi, au kikata joto kukata mara kwa mara. Kazi ya kubadilisha hufuata mpangilio huu:

1. Kuzima saketi breka ya hita, na kuhakikisha hakuna atakayeiwasha wakati kazi inaendelea.
2. Kufungua kifuniko na kupima kwa multimita kwamba hakuna volti kati ya moto na nyutro, na kati ya kila mmoja wao na ardhi. Multimita hujaribiwa kwanza mahali penye umeme unaojulikana.
3. Kupiga picha ya nyaya zilivyo, au kuzifunga vikaratasi vya alama, kabla ya kufungua skrubu hata moja.
4. Kupima koili. Ya wati 1,500 huonyesha ukinzani wa ohmu 35 hivi. Ikionyesha kuwa imekatika, tatizo halikuwa thamostati.
5. Kuchomoa thamostati ya zamani. Ile ya fimbo hukaa ndani ya mfuko mkavu, hivyo kwa kawaida tangi halimwagwi.
6. Kuweka mpya yenye urefu uleule wa fimbo, ampea zisizopungua za ile ya zamani, na kikata joto kama ilikuwa nacho.
7. Kurudisha nyaya na kukaza skrubu vizuri. Kiungo kilicholegea hupata joto, hubadilika rangi na mwishowe huwaka.
8. Kuhakikisha tangi limejaa kwa kufungua koki ya maji ya moto mpaka maji yatoke mfululizo, ndipo umeme uwashwe. Koili ikiwaka bila maji huungua kwa muda mfupi.

Zoea moja la hatari ni kuunga nyaya "dairekti", yaani kuiruka thamostati kwa sababu spea haijapatikana. Hita hufanya kazi, na kwa siku chache mwenye nyumba huridhika kwa kuwa huzima mwenyewe kwenye swichi. Siku atakayosahau, hakuna kitakachozima koili, na kilichobaki ni vali ya usalama pekee.

Vali ya usalama

Vali ya usalama hufungwa kwenye bomba la maji ya baridi au juu ya tangi. Hufunguka kanieneo inapozidi, katika hita nyingi ndogo karibu bari 7 au 8, na kuachia maji. Matone machache wakati maji yanapata joto ni ya kawaida, kwa sababu maji hutanuka. Kuziba vali kwa plagi au kuifunga kwa mpira ili isidondoshe ni kuligeuza tangi kuwa bomu. Katika maeneo ya maji yenye madini, kiwiko cha vali huinuliwa mara kwa mara ili isigande.

Thamostati janja na swichi za intaneti

Swichi zinazoongozwa kwa simu ya mkononi zinaweza kuunganishwa na hita iliyopo. Huwekwa kwenye njia ya umeme kabla ya hita, na huhitaji waya wa nyutro ili kompyuta yake ndogo ipate umeme muda wote. Lazima ziwe za ampea zinazozidi matumizi ya koili. Ya ampea 10 haifai kwa koili ya wati 3,000.

Swichi hiyo huamua saa tu, wala haipimi joto la maji. Kwa hiyo thamostati na kikata joto vya tangi hubaki mahali pake. Faida yake ni kuwasha hita saa moja na nusu kabla ya kuoga badala ya kuiacha usiku kucha. Saa ya kawaida ya kuweka muda, isiyohitaji intaneti, hutoa sehemu kubwa ya faida hiyohiyo.

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Ulaya au Amerika Kaskazini hali ni tofauti, kwa kuwa thamostati ya ukutani huamuru boila kutoka mbali. Marekani nyaya zake kwa kawaida ni za volti 24: herufi R ni umeme unaoingia, W ni amri ya joto, na C ni waya wa kurudishia ambao thamostati janja nyingi huuhitaji. Uingereza nyaya hizo zinaweza kuwa za volti 230, au boila ikahitaji swichi isiyopeleka volti yoyote. Kupeleka volti 230 kwenye nafasi ya aina hiyo ya pili huunguza bodi ya boila. Vilevile, boila zisizo na thamostati huwa na kiungo kifupi cha waya kati ya nafasi mbili. Kisipoondolewa, boila huendelea kuwaka hata thamostati mpya ikizima. Nchini humo kazi ya gesi ndani ya boila inaruhusiwa kwa mafundi waliosajiliwa na Gas Safe Register pekee.

Sheria na ufundi nchini Tanzania

Ufungaji wa nyaya za umeme katika majengo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Ubora wa vifaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mafunzo ya ufundi umeme hutolewa katika vyuo vya VETA.

Matumizi mengine

Kanuni ileile hutumika katika mashine ya kutotolea mayai ya kuku, inayotunza karibu 37.5 °C kwa siku 21, na katika majokofu ya chanjo, ambayo lazima yabaki kati ya 2 °C na 8 °C. Hita za maji za jua zenye pampu hutumia thamostati ya tofauti: ina vihisi viwili, kimoja kwenye paneli na kingine tangini, na huwasha pampu pale tu paneli inapokuwa na joto zaidi ya tangi.

Thamostati ya umeme wa kubadilishana haifai kuunganishwa na umeme wa moja kwa moja wa paneli za sola. Umeme wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, jambo linalozima cheche kati ya viungo vya swichi. Umeme wa moja kwa moja haupiti sifuri, hivyo cheche huendelea na kuyeyusha viungo.

Tazama pia

* Itigi
* Mkoa wa Singida
* Umeme
* Joto
* Nishati ya jua
* Jokofu